Komodoo: cheo au wadhifa? Ulinganisho kwa anayeandika habari au ratiba ya hafla Uganda

Uganda haina bahari. Askari wa UPDF, yaani jeshi la Uganda, wanaolinda maziwa yetu, wakiwemo wa kikosi cha kulinda uvuvi kilichoanza kazi mwaka 2017, wana vyeo vya nchi kavu: luteni, kapteni, meja, kanali. Jeshi letu la anga nalo linaongozwa na majenerali. Kwa hiyo komodoo (kwa Kiingereza commodore), afisa wa majini anayekaa kati ya kapteni na rea admirali, si cheo cha hapa nyumbani. Huja na mgeni. Huja na afisa wa Nigeria au India aliyealikwa kutoa mhadhara katika chuo cha kijeshi cha Kimaka, Jinja, au na habari ya shirika la nje inayotakiwa kusomwa kwa Kiswahili jioni hiyohiyo, au na sura ya kitabu cha historia ambayo mwalimu anaitafsiri kwa ajili ya wanafunzi wake.

Mwandaaji wa ratiba anataka jambo moja tu: huyu kwetu ni sawa na nani? Kwa majeshi mengi ya wanamaji yaliyorithi mfumo wa Uingereza, jibu ni Brigedia Jenerali. Lakini kuna mahali patatu jibu hilo linapovunjika. Marekani leo haina cheo hicho, na mtu anayeitwa komodoo huko kwa kawaida ni wa kiwango cha kanali. Katika historia ya Uingereza, kwa muda mrefu sana, komodoo alikuwa kapteni aliyekabidhiwa kazi kubwa kwa muda. Na Kenya, jirani yetu mwenye bahari, wanamaji wake hutumia neno brigedia. Ukijua kwa nini mataifa haya yalitofautiana, hutahitaji kukariri jedwali.

Mtego ulio chini ya komodoo

Makosa mengi huanza ngazi moja chini yake, kwa kapteni. Kapteni wa UPDF ana nyota tatu begani na kwa kawaida huongoza kombania. Kapteni wa majini ni mtu mwingine kabisa: analingana na kanali, na anaweza kuwa na manowari yenye mamia ya watu chini yake. Ngazi ya majini kwa mfumo wa Kiingereza inapanda hivi: luteni wa majini ni sawa na kapteni wetu, luteni kamanda ni sawa na meja, kamanda ni sawa na luteni kanali, kapteni ni sawa na kanali. Juu yake kuna ile nafasi tunayoijadili. Kisha rea admirali ni sawa na meja jenerali, visi admirali ni sawa na luteni jenerali, na admirali kamili ni sawa na jenerali.

Nchi za NATO zimeipa kila ngazi namba ili kuepuka mabishano: kapteni wa majini ni OF-5, nafasi inayofuata ni OF-6, rea admirali wa Uingereza ni OF-7. Namba hizi ni msaada mkubwa kuliko majina. Ukiona OF-6 kwenye barua ya mgeni, umeshajua ni wa kiwango cha brigedia jenerali, awe anaitwa vyovyote kwao.

Njia ya Uingereza: madaraka bila cheo

Asili ya komodoo ni Uholanzi ya karne ya 17, wakati Waholanzi walipokuwa na vikundi vingi vya manowari kuliko maadmirali wa kuviongoza. Waingereza waliichukua mwishoni mwa karne hiyo, zama za Mfalme William III, Mholanzi aliyekalia kiti cha enzi cha Uingereza mwaka 1689.

Sababu ya kuipenda ilikuwa ya kiutawala. Katika jeshi la wanamaji la Uingereza, kapteni alipanda kuwa admirali kwa kufuata foleni ya ukongwe. Aliyetangulia kuorodheshwa ndiye aliyetangulia kupanda, awe hodari au asiwe. Kama wakuu walitaka kumpa kapteni kijana mwenye uwezo kikundi cha meli tano katika bahari ya mbali, hawakuweza kumfanya admirali bila kuwapandisha wote waliokuwa mbele yake. Komodoo ilitatua shida hiyo: walimpa madaraka, bendera iliyochanwa ncha mbili na malipo ya ziada, lakini jina lake likabaki palepale kwenye orodha ya makapteni. Kazi ikiisha, anarudi kuwa kapteni.

Horatio Nelson, afisa maarufu wa majini wa Uingereza, ni mfano ulio wazi. Alipewa ukomodoo mwaka 1796, na akapigana vita vya Cape St Vincent tarehe 14 Februari 1797 akiwa bado komodoo. Urea admirali wake ulitoka mwezi huohuo, na ulitoka kwa sababu zamu yake kwenye foleni ilikuwa imefika. Mwandishi anayesema Nelson alipanda kutoka kapteni, akawa komodoo, kisha rea admirali, kana kwamba ni ngazi tatu za kawaida, anakosea. Ngazi zilikuwa mbili. Katikati palikuwa na wadhifa.

Baadaye wadhifa huo uligawanywa katika madaraja mawili. Komodoo wa daraja la kwanza alikuwa na kapteni mwingine chini yake wa kuendesha meli aliyokaa yeye, hivyo akawa huru kuongoza kikundi chote. Wa daraja la pili aliiendesha meli yake mwenyewe huku akiongoza na nyingine. Mgawanyo huu ulidumu hadi mwaka 1958. Ukitafsiri maandiko ya kabla ya hapo, usiliache daraja, kwa maana linaeleza ukubwa wa kazi na hata wa malipo.

Vita vya Pili vya Dunia vinaleta mkanganyiko wa aina yake. Misafara ya meli za mizigo iliyovuka Atlantiki ilikuwa na komodoo wa msafara, na wengi wao walikuwa maadmirali wastaafu waliokubali kurudi kazini kwa jina dogo kuliko walilostaafu nalo. Komodoo huyu alisafiri ndani ya meli ya mizigo na kuzielekeza meli za mizigo: mwendo, mistari, zamu za kugeuka. Manowari za ulinzi hazikuwa zake. Kiongozi wa ulinzi alikuwa afisa mwingine, mara nyingi kijana wa cheo cha kamanda tu. Tafsiri zinazosema komodoo aliamuru manowari zishambulie nyambizi zinampa kazi ambayo haikuwa yake.

Uingereza ilikifanya komodoo kuwa cheo kamili, kinachopandiwa na kubaki nacho, katika miaka ya 1990 tu. Hata hivyo hahesabiwi kuwa admirali. Hapa anafanana na brigedia wa jeshi la nchi kavu la Uingereza: Waingereza waliacha jina la brigedia jenerali mwanzoni mwa miaka ya 1920, na tangu mwaka 1928 wanasema brigedia basi, ambaye si mmoja wa majenerali. Kwa hiyo mgeni wa Uingereza mwenye cheo hiki usimwandike admirali. Mkalishe pamoja na mabrigedia jenerali wetu, lakini jina lake liandikwe Komodoo.

Njia ya Marekani: cheo kilichokuja na kuondoka

Historia ya Marekani inahitaji uangalifu zaidi, maana neno lilelile limekuwa na maana tofauti kwa vipindi tofauti.

Tangu vita vya kudai uhuru hadi mwaka 1862, kapteni ndiye aliyekuwa cheo cha juu kabisa majini. Bunge la Marekani halikutaka maadmirali. Liliona jina hilo linanuka ufalme. Kapteni aliyeongoza zaidi ya meli moja aliitwa komodoo kwa heshima, na watu wakaendelea kumwita hivyo hata kazi ilipokwisha. Matthew Perry, aliyeongoza manowari hadi Japani mwaka 1853, anajulikana duniani kote kama Komodoo Perry, lakini kwenye daftari la jeshi alikuwa kapteni. Mwandike Komodoo Perry, kwa kuwa ndivyo anavyojulikana. Usiongeze maelezo kwamba alikuwa sawa na brigedia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vililazimisha mabadiliko. Meli ziliongezeka, na maafisa wa majini walijikuta wakifanya kazi bega kwa bega na majenerali waliowazidi cheo. Sheria ya Julai 1862 ikaunda vyeo viwili kwa mpigo, komodoo na rea admirali, na David Farragut akawa rea admirali wa kwanza. Kuanzia hapo hadi 1899, komodoo wa Marekani ni cheo cha kweli. George Dewey alipoingia ghuba ya Manila tarehe 1 Mei 1898 alikuwa komodoo kwa cheo, si kwa heshima, na yeye unaweza kumlinganisha na brigedia jenerali bila wasiwasi.

Mwaka 1899 kikafutwa. Kapteni akawa anaruka moja kwa moja hadi rea admirali. Ili kubana matumizi, marea admirali waligawanywa nusu mbili kwenye orodha ya ukongwe: nusu ya juu walilipwa kama meja jenerali, nusu ya chini kama brigedia jenerali. Lakini wote walivaa nyota mbili na wote waliitwa rea admirali. Mfumo huu ulidumu miongo mingi, na uliwaudhi watu wa nchi kavu na wa anga waliolazimika kupitia nyota moja kabla ya kupata ya pili. Komodoo ilirudishwa mwaka 1943 kwa mahitaji ya vita, mwenye nyota moja, ikaachwa tena vita vilipokwisha. Malalamiko yaliendelea mpaka sheria mpya ya mwaka 1980, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilipoleta jina la komodoo admirali kwa nyota moja. Halikupendwa, likafupishwa kuwa komodoo. Hapo likagongana na desturi ya zamani: makapteni wanaoongoza vikundi vya manowari walikuwa bado wanaitwa komodoo kwa wadhifa wao. Meza moja ingeweza kuwa na makomodoo wawili, mmoja wa nyota moja na mwingine kapteni. Mwaka 1985 ukapatikana ufumbuzi uliopo hadi leo: afisa wa nyota moja anaitwa rea admirali wa nusu ya chini, na komodoo imebaki kuwa wadhifa wa kapteni.

Kwa mwandaaji wa hafla Kampala, matokeo ni mawili. Mmarekani anayeitwa komodoo leo ni kapteni wa majini. Mkalishe na makanali, na kwenye karatasi andika Kapteni, ukitaja kikundi anachokiongoza. Na Mmarekani mwenye nyota moja ni Rea Admirali. Mwite Admirali, lakini mkalishe na mabrigedia jenerali. Ukimpandisha hadi kiwango cha meja jenerali kwa kusoma neno rea admirali peke yake, utamwudhi meja jenerali halisi atakayewekwa chini yake.

Ulaya bara na Afrika

Wajerumani wana admirali wa flotila, ambaye ni OF-6 na anaitwa admirali waziwazi. Wafaransa, Waitaliano na Wahispania hawana komodoo. Kwao admirali wa kwanza anayefuata kapteni, ambaye jina lake linaonekana kama rea admirali, ndiye OF-6. Mfaransa wa ngazi hiyo huvaa nyota mbili, sawa na jenerali wa brigedi wa Ufaransa. Nyota mbili za Mfaransa basi ni nyota moja ya Mmarekani. Hili linatuhusu kuliko Ujerumani, kwa sababu jeshi la wanamaji la Kongo, ambalo tunapakana nalo katika Ziwa Albert na Ziwa Edward, linafuata majina ya Kifaransa. Afisa wa Kongo mwenye jina hilo usimlinganishe moja kwa moja na rea admirali wa Uingereza.

Nigeria na Ghana zimebaki na komodoo wa Kiingereza. Afrika Kusini ilikuwa naye, kisha ikambadilisha jina kuwa rea admirali mdogo. Kiwango ni kilekile cha brigedia jenerali. Kosa la kawaida hapa ni kuliacha neno "mdogo", na mtu anapanda ngazi nzima kwa uzembe wa mwandishi.

Nchi hizi zinafundisha jambo lingine, kwamba cheo na wadhifa havitembei pamoja. Ebitu Ukiwe wa Nigeria alikuwa komodoo alipokuwa wa pili kwa madaraka katika serikali ya Babangida, 1985 hadi 1986. Frank Bainimarama wa Fiji alikuwa komodoo huku akiongoza majeshi yote ya nchi, na ndivyo alivyokuwa alipopindua serikali Desemba 2006. Kanuni tunayoishikilia ni hii: jina liandikwe kwa cheo, kiti kipangwe kwa wadhifa. Mkuu wa majeshi wa nchi nyingine anakaa na mkuu wa majeshi wetu hata kama cheo chake ni kidogo.

Jirani zetu wenye bahari

Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa Desemba 1964 na lenye kambi yake ya Mtongwe, Mombasa, linatumia majina ya nchi kavu. Kamanda wake ni meja jenerali. Chini yake kuna brigedia, kanali, luteni kanali. Anapokuja Mkenya wa majini kwenye Ushirikiano Imara, mazoezi ya kijeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, usimgeuze komodoo kwa kudhani unamheshimu. Andika Brigedia, na usiongeze Jenerali, maana Wakenya hawaongezi. Tanzania ni tofauti: makamanda wake wa wanamaji katika miaka ya karibuni wamekuwa na cheo cha rea admirali, sawa na meja jenerali, na jeshi lake la nchi kavu linasema Brigedia Jenerali kama sisi.

Kwa ngazi hii moja, basi, ratiba ya mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kuwa na Brigedia wa majini kutoka Kenya na Brigedia Jenerali wa UPDF, na wote wawili wakawa sawa. Wakiwa sawa, tarehe ya kupandishwa cheo ndiyo inayoamua nani atangulie. Iombe tarehe hiyo mapema kwa ofisi ya mwambata wa kijeshi, pamoja na namba ya OF kama nchi yake inazitumia.

| Afisa | Kwetu ni sawa na | Andika | Aitwe admirali? |
|---|---|---|---|
| Komodoo wa Uingereza, Nigeria, Ghana, India (leo) | Brigedia Jenerali | Komodoo | Wa Uingereza hapana. Wengine fuata barua yao |
| Komodoo wa Uingereza kabla ya miaka ya 1990 | Kanali mwenye wadhifa wa muda | Komodoo | Hapana |
| Komodoo wa Marekani, 1862–1899 na 1943–1947 | Brigedia Jenerali | Komodoo | Hapana |
| Komodoo wa Marekani leo | Kanali | Kapteni wa majini | Hapana |
| Rea admirali wa nusu ya chini, Marekani | Brigedia Jenerali | Rea Admirali | Ndiyo |
| Brigedia wa majini, Kenya | Brigedia Jenerali | Brigedia | Hapana |

Kama barua haikufika

Wakati mwingine mgeni yuko mlangoni na karatasi haina cheo. Tazama mkono wa koti. Komodoo wa Uingereza ana utepe mmoja mpana, karibu milimita 45, wenye kitanzi juu, bila utepe mwingine. Mmarekani wa nyota moja ana utepe mmoja wa milimita 51 na nyota juu yake, hana kitanzi. Tepe nne nyembamba zinazolingana ni kapteni, kwa Waingereza na kwa Wamarekani, hata kama kila mtu aliyefuatana naye anamwita komodoo. Tepe pana moja na nyembamba moja juu yake ni OF-7, wa kiwango cha meja jenerali. Akivaa kaki za Kimarekani, tazama ukosi: alama ya ndege tai ni kapteni, nyota ni admirali.

Usihesabu nyota za begani kwa kipimo cha UPDF. Kwetu nyota moja ni luteni wa pili na tatu ni kapteni, kwa hiyo bawabu asiyeelekezwa anaweza kumpeleka admirali wa nyota moja kwenye viti vya maafisa wadogo. Waelekeze walinzi na waongoza wageni siku moja kabla, wakiwa na picha za tepe mkononi.

Kwa mazungumzo, Kiswahili cha jeshi letu kinakuokoa. "Afande" inamfaa luteni, komodoo na jenerali, na maafisa wa Kenya na Tanzania wanaielewa bila kufafanuliwa. Mgeni asiyejua Kiswahili mwite kwa cheo chake na jina la ukoo. Mizinga ya heshima, pale inapopigwa, ni 11 kwa ngazi ya komodoo na 13 kwa rea admirali kamili. Thibitisha na ubalozi kabla ya kuiandika kwenye ratiba iliyochapishwa.

Komodoo wa anga ni cheo kingine, kilichoanzishwa na jeshi la anga la Uingereza mwaka 1919, na Nigeria na India wanacho. Kiwango ni kilekile cha brigedia jenerali, ila maneno "wa anga" yasiachwe kwenye karatasi. Na komodoo wa klabu ya mashua za tanga, kama unavyoweza kumkuta Entebbe au Munyonyo, ni mwenyekiti aliyechaguliwa na wanachama. Nahodha mkongwe wa kampuni ya meli za abiria naye anaweza kupewa jina hilo na kampuni yake. Hawa ni raia. Wakalishe na wageni waalikwa, jina lifuatwe na klabu au kampuni, wala usiwaweke kwenye safu ya maafisa.